Miguu isiyotulia usiku: Madini ya chuma yapimwe kabla ya kutafuta dawa ya usingizi

SAA nne usiku nyumba imetulia, baridi ya Juni imeteremka kutoka Mlima Meru na kila mtu amejifunika blanketi, lakini mmoja wa wanafamilia anazunguka sebuleni pekupeku. Akilala, ndani ya miundi yake huanza kitu ambacho hawezi kukitaja vizuri. Akiinuka na kutembea, kitu hicho hutoweka. Akirudi kitandani, nacho hurudi.

Hali hiyo huitwa ugonjwa wa miguu isiyotulia, na miongoni mwa madaktari hufahamika zaidi kwa kifupi cha RLS. Ni hali isiyoua kwa yenyewe, na pengine ndiyo sababu wengi huivumilia kwa miezi kadhaa bila kumweleza mtu. Hata hivyo, inapomwanza mtu mzima ambaye hakuwa nayo hapo awali, hasa aliyevuka umri wa miaka 45, huenda ikawa ni dalili ya jambo jingine linaloendelea mwilini. Jambo la kwanza la kutafutwa ni upungufu wa madini ya chuma, na pale unapopatikana, sababu ya upungufu huo.

Kiswahili bado hakina jina moja lililozoeleka la ugonjwa huu, na jambo hilo lina madhara yake. Mgonjwa mmoja atasema miguu inamuwaka, mwingine atasema anahisi sisimizi wanatembea ndani ya mfupa, wa tatu atasema miguu inampiga shoti. Muuzaji wa duka la dawa husikia neno "kuwaka" au "ganzi" na kutoa vidonge vya vitamini B. Akisikia "silali", hutoa dawa ya kusinzisha. Jirani naye huenda akauliza kama mgonjwa hakukanyaga kitu alichotegewa njiani.

Ugonjwa wenyewe si mgeni duniani. Daktari Mwingereza Thomas Willis aliueleza katika maandishi yake ya Kilatini mwaka 1672, na Karl-Axel Ekbom wa Sweden akauandikia kitabu kizima mwaka 1945, ndiyo maana wengine huuita kwa jina lake. Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini hukadiriwa kuwapata watu watano hadi 10 katika kila 100, ingawa wanaosumbuliwa kiasi cha kuhitaji dawa ni wachache zaidi.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya eksirei inayoweza kuuthibitisha. Daktari huutambua kwa kumsikiliza mgonjwa, naye hutafuta mambo matano: kuwapo kwa hamu kubwa ya kuichezesha miguu, mara nyingi ikiambatana na hisia mbaya ndani yake, hamu hiyo kuanza au kuzidi mtu anapokaa au kulala, kupungua anapotembea au kujinyoosha, kuwa mbaya zaidi jioni na usiku kuliko asubuhi, na kutokuwapo kwa ugonjwa mwingine unaoweza kueleza dalili hizo. Mgonjwa anayekwenda hospitali akiwa ameyaandika mambo hayo kwenye karatasi, pamoja na saa dalili zinapoanza na majina ya dawa zote anazotumia, humrahisishia daktari kazi sana, kwani foleni huwa ndefu na muda wa kuongea ni mfupi.

Sharti hilo la tano ndilo gumu, kwani magonjwa yanayofanana na huu ni mengi. Ganzi ya kisukari huunguza nyayo mchana na usiku, na kutembea hakuiondoi. Wanaotumia dawa ya kifua kikuu ya isoniazidi nao huweza kupata ganzi ya namna hiyo, ndiyo maana hupewa vitamini B6 pamoja nayo. Kukaza kwa msuli wa shavu la mguu huja ghafla, huuma vikali na msuli huonekana umejikunja. Miguu isiyotulia haina fundo la namna hiyo. Mguu mmoja uliovimba na kuuma si suala la kusubiri, kwani unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa.

Kwa wakazi wa Arusha na Arumeru lipo pia suala la maji. Miamba ya volkano ya Mlima Meru huyatia maji madini ya floraidi, na katika maeneo kama Maji ya Chai, Ngurdoto, Leguruki, Ngare Nanyuki na Oldonyosambu baadhi ya vyanzo vimepimwa na kukutwa na zaidi ya miligramu 10 kwa lita, wakati kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) ni miligramu 1.5. Meno ya rangi ya kahawia ni alama inayojulikana na kila mtu mkoani humo. Isiyozungumzwa sana ni athari ya floraidi kwenye mifupa: maumivu ya viungo, mgongo kukakamaa na, kwa watoto, miguu kupinda. Ikumbukwe kuwa kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimekuwa kikitumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuichuja.

Floraidi haijulikani kuwa chanzo cha miguu isiyotulia. Maumivu yake hukaa kwenye mifupa na viungo, hayafuati saa za usiku, wala hayatoweki mara tu mtu anaponyanyuka. Lakini upo uhusiano wa kuzunguka ambao si wa kupuuzwa. Mtu anayeumwa miguu na mgongo kwa miaka mingi hununua dawa za maumivu kama diklofenaki bila cheti cha daktari. Dawa hizo, zikitumika kwa muda mrefu, huweza kuleta vidonda vya tumbo vinavyovuja damu kidogo kidogo. Na damu inayovuja huondoka na madini ya chuma. Miguu iliyokuwa ikiuma mchana huanza sasa kutotulia usiku, naye mhusika hudhani ni ugonjwa uleule wa zamani umeongezeka.

Ukubwa wa tatizo hili nchini haujachunguzwa sana. Uchunguzi mmoja wa nyumba kwa nyumba ulifanyika katika eneo la Hospitali ya Kilutheri ya Haydom wilayani Mbulu, eneo lililokuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha hadi Manyara ilipoanzishwa mwaka 2002. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha kuwa kati ya watu zaidi ya 7,000 waliohojiwa, wenye ugonjwa huu hawakufikia mmoja katika kila 1,000. Tofauti hiyo na Ulaya ni kubwa mno. Huenda urithi wa kifamilia, ambao una nguvu sana katika ugonjwa huu, ndiyo sababu. Huenda umri mdogo wa Watanzania wengi. Na huenda hata namna maswali yanavyoeleweka katika lugha za wenyeji. Vyovyote iwavyo, kama aina ya kurithi ni adimu hapa, basi kwa mgonjwa mpya wa Sakina, Njiro au Usa River ipo sababu zaidi ya kutafuta chanzo kinachotibika.

Kwa nini chuma? Ubongo huyahitaji madini hayo ili kutengeneza na kutumia vizuri kemikali iitwayo dopamini, ambayo pamoja na kazi nyingine husimamia mwendo wa mwili. Chuma kinapopungua ubongoni, mfumo huo huyumba. Kiwango cha chuma katika damu nacho hushuka kadiri jioni inavyoingia, jambo linalolingana na saa ambazo miguu huanza kusumbua.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mgonjwa hupimwa wingi wa damu, huambiwa "damu yako ipo ya kutosha", na suala huishia hapo. Lakini akiba ya chuma huweza kwisha mwilini kabla wingi wa damu haujashuka. Kipimo kinachoonyesha akiba hiyo ni cha feritini, nacho huagizwa peke yake; hakimo katika kipimo cha kawaida cha wingi wa damu. Kwa mtu mwenye miguu isiyotulia, wataalamu wa kimataifa walikubaliana mwaka 2018 kuwa feritini ya mikrogramu 75 kwa lita au chini ya hapo inatosha kuanza kutibiwa kwa chuma, hata kama maabara imeandika kuwa majibu ni ya kawaida. Maabara nyingi huweka mpaka wa chini kabisa kwa ajili ya upungufu wa damu, si kwa ajili ya miguu.

Yapo mambo mawili ya kuangaliwa zaidi. Feritini hupanda mtu anapokuwa na homa au maambukizi, hivyo kipimo kilichochukuliwa wakati wa malaria au nimonia huweza kuficha upungufu. Na Jiji la Arusha lipo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Katika miinuko mwili hutengeneza damu nyingi zaidi, na WHO inaelekeza majibu ya wingi wa damu yarekebishwe kwa wakazi wa maeneo hayo. Kiwango kinachotosha kwa mkazi wa Tanga huenda kisimtoshe mkazi wa Ilboru.

Wanaopoteza chuma ni wengi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa takriban wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na upungufu wa damu, ingawa si wote kwa sababu ya chuma. Hedhi nzito na uvimbe kwenye kizazi ni vyanzo vikubwa. Wazee wa zamani walikuwa na neno safura kwa mtu aliyepauka, aliyevimba uso na kuchoka bila sababu, na minyoo inayosababisha hali hiyo bado ipo: huingia kupitia ngozi ya mguu unaokanyaga udongo wenye kinyesi, hujishikiza kwenye utumbo na kunyonya damu. Kuvaa viatu vya mpira shambani kwenye migomba na kahawa ni kinga halisi. Wachangiaji damu wa mara kwa mara nao wakumbuke kuwa kila chupa inayotolewa huondoka na chuma.

Kwa upande wa chakula, jambo linalohitaji kuangaliwa ni chai. Chai na kahawa zikinywewa pamoja na chakula hupunguza sana kiasi cha chuma kinachofyonzwa, na maziwa nayo hupunguza kwa kiasi chake. Kifungua kinywa cha chapati, maharage na kikombe kikubwa cha chai ya maziwa ni kitamu, lakini chuma kilichomo kwenye maharage kwa sehemu kubwa hupita bila kutumika. Loshoro, chakula cha heshima kwa Waarusha na Wameru, ina mahindi na maziwa, na vyote viwili haviachii chuma kwa urahisi. Si lazima kuviacha. Chai isubiri saa moja au mawili baada ya kula, na mlo wa maharage, mchicha au mnavu ufuatwe na chungwa, pera au embe, kwani vitamini C husaidia ufyonzaji. Nyama nyekundu, maini na dagaa hutoa chuma kinachofyonzwa vizuri zaidi. Juisi ya bitiruti inayouzwa mjini kama "ya kuongeza damu" ina rangi ya damu kuliko ina chuma.

Mtu ambaye akiba yake imekwisha, hata hivyo, hawezi kuijaza kwa chakula pekee. Vidonge vya chuma ni vya bei nafuu, na wajawazito hupewa kliniki vikiwa vimechanganywa na foliki asidi, maarufu kama FEFO. Hufanya kazi vizuri zaidi vikimezwa tumbo likiwa tupu pamoja na maji ya ndimu au chungwa, mara moja kwa siku au siku moja baada ya nyingine, na mbali na dawa za kupunguza tindikali. Choo huwa cheusi, na hilo ni la kawaida. Visitumiwe kwa kubahatisha bila kipimo, kwa sababu chuma kikizidi mwilini hudhuru ini na moyo. Vihifadhiwe pia mbali na watoto, kwani mtoto akivimeza kwa wingi anaweza kufa.

Kwa mjamzito ugonjwa huu ni jambo la kawaida kuliko wengi wanavyojua. Hukadiriwa kumpata mmoja katika kila watano, zaidi katika miezi mitatu ya mwisho, na kwa kawaida hutoweka ndani ya wiki chache baada ya kujifungua. Apimwe damu na chuma, na asinunue dawa ya usingizi. Wagonjwa wa figo, hasa wanaosafishwa damu kwa mashine, nao husumbuliwa sana. Kwa hiyo mtu mwenye shinikizo la damu au kisukari anayeanza kupata dalili hizi apimwe figo pia.

Kisha zipo dawa zinazowasha moto huo. Piriton na Phenergan, ambazo watu wengi hununua ili wapate usingizi, huzidisha miguu isiyotulia. Mgonjwa humeza kidonge ili alale, miguu inachachamaa, kesho yake anameza viwili. Dawa ya kutapika ya Plasil, amitriptilini inayotolewa mara nyingi kwa ajili ya ganzi, baadhi ya dawa nyingine za sonona na dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli huweza kufanya vivyo hivyo. Dawa iliyoandikwa na daktari isiachwe ghafla. Daktari aulizwe kama inaweza kubadilishwa.

Wakati majibu yakisubiriwa, yapo ya kufanya nyumbani. Kahawa ni fahari ya Meru, lakini kwa mwenye ugonjwa huu iwe ya asubuhi. Pombe na sigara za jioni huongeza usumbufu. Kutembea kwa nusu saa kabla ya giza, kunyoosha miundi na mapaja kabla ya kulala, kuchua miguu, na kuitumbukiza katika beseni la maji ya moto huwasaidia wengi, ingawa kwa wengine ni maji baridi yanayofaa. Kazi inayoshughulisha akili na mikono, kama kufuma au kucheza bao, huituliza miguu kuliko kuketi mbele ya televisheni. Kwa kuwa dalili hupungua kuelekea alfajiri, anayeweza kuchelewa kuamka afanye hivyo bila aibu.

Safari ni mtihani. Barabara ya Arusha hadi Dar es Salaam ina zaidi ya kilometa 600, na basi huichukua siku nzima. Kiti cha kando ya njia, safari ya asubuhi badala ya usiku, na kushuka kila basi linaposimama hupunguza adha. Mwenzi wa kitandani naye ahusishwe: wengi wa wagonjwa hurusha miguu wakiwa usingizini bila kujua, na anayepigwa mateke usiku huweza kudhani kuna ugomvi.

Kama chuma kimerekebishwa na usingizi bado haupatikani, dawa zipo. Mwongozo wa wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2025 unatanguliza gabapentini na pregabalini, pamoja na chuma cha kuingizwa kwenye mshipa kwa wanaostahili. Dawa hizo za vidonge husinzisha, hazichanganywi na pombe, na dereva wa watalii anayeamka kwenda Ngorongoro alfajiri amweleze daktari kazi yake kabla ya kuandikiwa. Dawa za kundi la dopamini, kama pramipeksoli, ropiniroli na levodopa, ndizo zilizosifiwa zaidi miaka ya 2000. Leo mwongozo huo haushauri zitumike kama tiba ya kawaida. Hutuliza vizuri mwanzoni, kisha baada ya miezi au miaka dalili huanza mapema zaidi mchana na kupanda hadi mikononi, na kila dozi inapoongezwa hali huzidi. Baadhi ya wanaozitumia hushikwa na hamu ya kucheza kamari wasiyoweza kuizuia, hatari isiyo ndogo katika mji wenye vibanda vya kubashiri mechi kila kona.

Feritini hupimwa tena baada ya takriban miezi mitatu. Ikiwa imepanda na miguu imetulia, daktari huamua lini vidonge viachwe. Ikiwa haikupanda, au imepanda kisha ikashuka tena vidonge vilipoachwa, damu inapotea mahali fulani. Kwa mwanamume wa umri wowote na kwa mwanamke aliyekoma hedhi, chanzo hutafutwa mara tu upungufu unapogunduliwa, bila kusubiri miezi hiyo: choo hupimwa minyoo na damu isiyoonekana kwa macho, na tumbo na utumbo huangaliwa kwa kamera, huduma inayopatikana katika hospitali za rufaa kama KCMC mjini Moshi. Vidonda na saratani za tumbo na utumbo huweza kuvuja hivyo kwa muda mrefu bila maumivu yoyote.